Paa Yenye Dada Yangu Alichunga mu Kichwa

Maquette ya kwanza ilitoka kubwa kama kanisa.

Binti moja architecte, muchoraji wa nyumba, aliileta mu salle ya comité yetu ya kulinda pori, hapa Butembo, imefunikwa na kitambaa. Akaiweka ku meza, akatoa kitambaa, na siye bazee tukasimama kuangalia. Ilikuwa mufano wa nyumba ya muviringo, ya carton na bipande bya mabambu, ameikata upande moja kusudi tuone ndani. Ndani aliweka batu badogo ba karatasi, banazunguka moto ya karatasi. Balionekana kama maharagi kidogo mu sufuria ya arusi.

"Bapapa," akasema, "nilifuata maneno yenu. Mulisema nguzo ya katikati, mutu mukubwa hawezi kuikumbatia. Mulisema kutoka ku moto mupaka ku ukuta ni mbali, mutu akiita, sauti inafika imechoka. Sasa miti ya nyumba kama hii tutaitoa wapi? Tukate pori yote yenye tunataka kulinda?"

Président wa comité, muzee moja catéchiste wa zamani, kichwa ngumu kama kisiki, akajikuna kidevu. Njo binti akauliza pole pole:

"Wakati mulikuwa munakaa mu ile nyumba, mulikuwa na miaka ngapi?"

Tukaangaliana.

"Miye nilikuwa ninaota meno ya pili," président akasema.

"Na weye, papa?"

Miye nilikuwa hata bado. Nilikuwa ninalala ku magoti ya baba. Tukaanza kucheka, siye yote, mupaka muzee moja akatoka inje kukohoa. Kumbe tulipima nyumba na macho ya batoto. Nguzo haikuwa nene vile, ni mikono yetu njo ilikuwa mifupi.

"Binti, punguza," président akasema, anapanguza macho.

"Nipunguze mupaka wapi?"

"Mupaka pale hatutafanana tena na maharagi."

Ile nyumba, mu Kinande tunaiita kyaghanda. Kila jamaa ku kilima ilikuwaka na yake. Ni nyumba ya banaume, nyumba ya moto. Jioni kila baba anatoka kwake anaenda mule, na batoto banaume nyuma yake. Pale njo mambo ya mipaka ya mashamba ilikuwa inakatwa, pale njo mutoto anajifunza kunyamaza. Haikuwaka na mulango. Kulikuwa tu pahali pa kupita, wazi, muchana na usiku. Mupita njia, hata muchuuzi wa chumvi mwenye hatujue kwao, anaingia, anakaa, anapewa chakula. Akisha kula, njo anaulizwa jina. Leo batu ba Butembo banaanza na jina, kisha jina ya baba yako, kisha unatafuta nini, na chakula utajinunulia ku malewa, kule banauzishaka chakula.

Moshi ya mule haikuwa inatoka mu nguo. Bibi yangu, Mungu amupumuzishe, siku ya kwanza ya ndoa yetu alininusa shingo akasema: "Baliniambia ninaolewa na mutu, kumbe ni samaki ya kukausha." Kilima yetu ilishakuwa bila kyaghanda ile wakati, nilishafanya kazi mu ma dépôt ya Butembo, nilishanunua sabuni ya kunuka muzuri. Mais yeye alisema moshi ilibaki. Mupaka anazeeka alikuwa ananiita Samaki mbele ya batoto.

Ninatoka mu njia. Nilikuwa ninataka kusema juu ya pori.

Kule kwetu, magharibi ya muji, bazee ba vilima balikubaliana kuacha sehemu ya pori isiguswe. Iko na basokomutu, banakaa ku matawi banajikuna kama bapapa ku barza. Iko na ndege, na miti yenye batu ba makala banaangaliaka na tamaa. Bageni banakuja kuona: banafunzi, bakristu ba parokia, bamama bacommerçants siku ya Mungu, na wakati njia iko muzuri, hata batu ba mbali. Mvua ikinyesha tulikuwa tunabasimamisha chini ya bâche, turubai tu, kama mihogo ya kuuzisha. Njo comité ikasema tujenge nyumba ya kupokea bageni. Plan ya kwanza yenye tulionyeshwa ilikuwa bureau ya matofali, na grille ya chuma ku madirisha. Président aliiangalia, akairudisha.

"Hii ni prison ya kulipisha tiketi," akasema. "Siye tulikuwaka na nyumba ya bageni mbele matofali haijazaliwa."

Njo tukatafuta ule binti, mutoto wa hapa kwetu mwenye alisomea mambo ya kujenga. Tukaanza kumuambia vile tunakumbuka.

Maquette ya pili ilikuwa ya kweli. Nilipoiona nilijua pahali baba alikuwa anakaa, kuume ukiingia, mugongo ku ukuta, na pahali mbuzi ilikuwa inafungwa wakati mvua ni kali. Nilitia kidole pale. Hakuna mwenye alicheka. Mais nyumba ilikuwa bado bila kichwa.

"Sasa paa," binti akasema. "Ilikuwa inateremuka mupaka wapi?"

Nyasi gani, tulijua. Vile inafungwa na kamba ya mugomba, tulijua. Ndani yake, nyeusi ya moshi, inangaa kama kiatu ya padri, ile tulijua sana. Mais inje? Mumoja akasema inafika ku bega ya mutu. Mwingine akasema ku kiuno. Mwingine akasema karibu ku udongo, akaapa na jina ya mama yake. Balianza kugombana. Président akapiga meza.

"Kweli bazee bazima, hatujue kofia ya nyumba yetu?"

Njo nikakumbuka yaya wangu, dada yangu mukubwa, wa kwanza ku tumbo ya mama.

Banamuke habakuwaka banaingia mu kyaghanda. Kila mama alikuwa anapika, na binti yake analeta chakula mupaka pale pa kupita. Pale anasimama. Haite jina ya mutu. Anakohoa kidogo tu, kohoo ya kujulisha, na katoto kanaume kanatoka kupokea kitunga ya bugali na chungu ya maharagi. Kisha binti anangoja inje mupaka bitu birudi bitupu. Kwetu ule binti alikuwa yaya, na kale katoto kalikuwa miye. Jioni zote za utoto wangu, yeye alikuwa inje, miye ndani. Kama kuna mutu aliangalia ile paa, ni yeye.

Yaya anakaa Beni. Alikuwaka na shamba ya kakao upande wa Mabalako, na ilikuwa muzuri. Sasa anapanga kanyumba mu muji, juu ya vita ya kule, mambo yenye kila mutu anajua. Nilipanda bus na mufuko ya birayi, biazi bya kwetu, na mboga ya poireaux, juu mutu wa Butembo hawezi kufika Beni mikono mitupu, batasema baridi ilimukausha roho. Ukitoka huku asubuhi umevaa koti, ukifika kule unaibeba ku mukono kama mutoto wa jirani.

Nilimukuta ku barza anatwanga sombe, majani ya mihogo.

"Yaya, niko."

"Ninakuona. Nani alikufa?"

"Hakuna mwenye alikufa."

"Basi unataka kitu."

Nikakaa, nikamuelezea yote: pori, bageni, binti architecte, maquette, bazee banagombana bega na kiuno. Alicheka mupaka akaacha mutwangio, akajishika mbavu.

"Bazee bazima! Mulikula mu ile nyumba miaka yote, na hamujue inavaa nini?"

"Tulikuwa tunaangalia moto."

"Mulikuwa munaangalia sahani, munangoja nani atakata bugali wa kwanza. Weye sana. Weye ulikuwa unaanza kulamba chungu mbele ya kuipeleka ndani, unazania sikuonaka?"

"Mambo ya zamani, yaya."

"Si njo munatafuta mambo ya zamani?"

"Sasa paa ilikuwa inafika wapi?"

Akashika mutwangio tena, akatwanga. Jirani moja alipita akasalimia, akajibiwa, akaenda. Kisha yaya akasema, bila kuniangalia:

"Nitakuja Butembo, nitabaonyesha. Mais siku nyumba inaisha, nitaingia mule. Siyo kupita na kuangalia kama mugeni wa tiketi. Nitakaa chini, moto inawaka, na banaume mulemule."

"Yaya, unajua ile nyumba iko ya namna gani."

"Ninajua kuliko weye. Kama hapana, ni nini ilikuleta na birayi?"

Akaendelea:

"Nilikuwa nikikaribia ninasikia munasema, munasema. Nikikohoa, munanyamaza yote. Unatoka, unapokea, unaingia. Ninangoja. Munanirudishia kitunga. Nikishageuza mugongo tu, njo munacheka. Toka niko binti ninajiuliza: banacheka nini bale? Shamba yangu ilienda, sikuuliza kitu. Nyumba yangu ilienda, sikuuliza kitu. Hii moja ninauliza. Ninataka kukaa mule mbele nife."

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilikula sombe yake, na ilikuwa na mafuta ya mawese yenye huku Butembo hatupatake vile. Mu bus ya kurudia nilikuwa ninawaza: nikimukatalia, atasimama tena inje, na sasa magoti yake inamuuma. Nikimukubalia, ile nyumba tunayoililia itakuwa bado ni ile?

Président hakuwaza. Nilipomaliza kusema, alinyoosha kidole.

"Bageni banamuke bataingia muchana, moto imezimwa, bataona picha ya banyama, batatoka. Ile hatukatae. Mais kukaa ku moto na bazee? Hapana. Ile itakuwa restaurant."

"Ni mutu moja, président. Ni yaya wangu."

"Leo yaya wako, kesho wangu." Kisha sauti yake ikashuka. "Sikia. Kyaghanda ya baba yangu iliungua, na kilima yote. Sikubakia hata na jiwe moja ya moto. Hii tunajenga ni ya mwisho. Kama siku ya kwanza tunaigeuza, batoto batajua nini?"

Hakuna mwenye aliweza kumucheka. Na miye, kusema kweli, nusu ya moyo wangu ilikuwa upande wake.

Ule binti alikuwa anakunja makaratasi yake. Akauliza:

"Donc hata miye, mwenye ninaichora, nisingeingia?"

Président akaangalia dari. "Weye uko architecte."

"Ndiyo, papa. Mais nikileta maquette, nikohoe kwanza?"

Bazee balicheka, na président pia alificha mudomo na mukono. "Mama aje aseme paa," akasema. "Ya kukaa, tutaona." Tutaona ya président, tunaijua: ni hapana yenye imevaa tai.

Yaya alikuja. Alivaa kikwembe yake ya misa, akashuka ku pikipiki mbele ya salle akimutukana motard: "Mutoto weye, unanibeba kama gunia ya saruji!" Motard anacheka, anamushika mukono. Aliingia mu kiwanja, akasalimia bazee, mumoja mumoja, kisha akasema habari zitangoja.

Binti alifunga kamba ku ukuta na ku muti, kama mwisho wa paa, ku bega ya mutu. Yaya akasimama chini yake.

"Hapana. Chini."

Bakashusha. Binti akamuuliza maneno yenye alituuliza siye: "Mama, ulikuwa na miaka ngapi?" Yaya akamuangalia vizuri, akamupenda, niliona.

"Swali ya akili. Nilishakuwa binti mukubwa, bachumba banapita. Urefu nilikuwa nao ni huu, kisha hapo nilipungua tu. Shusha tena. Pale! Mutu anainama kuingia. Kila mutu, hata chef. Pale pa kupita ni vile. Sasa upande wa kushoto, leta kamba huku mbele. Tena. Tena."

"Mama, paa ni muviringo, itatoka upande moja?"

"Itatoka. Pale njo tulikuwa tunasimama wakati mvua iko. Mwanzo haikuwa vile. Nilikuwa ninatia kichwa chini ya nyasi, na mugongo inalowana. Msimu moja nililowana nikagonjwa, nikalala kwa mama. Nikipona, nikaleta chakula, nikaona nyasi imeongezwa upande ule, na biti bibili bya kuibeba. Baba alifanya ile. Hakusema kitu kwa mutu. Toka pale nilikuwa ninangoja pahali pakavu."

Nilikuwa mule ndani. Baba alipanda ku paa, alikata miti, alifunga nyasi, na miye sikuonaka. Mutoto wa kyaghanda mwenye alikuwa anafundishwa akili za banaume kila jioni.

Président alikuwa amekaa ku kiti. Alisema, kama mutu anajisemea peke:

"Ya baba yangu pia, upande moja ilikuwa mulefu. Nilizania nyasi ilichoka."

Binti aliandika. Nilimuangalia yaya, nikatumaini ile itamutosha: baba alimuwazia, alimujengea pahali. Ni jambo muzuri ya kukumbuka. Mais yaya anatujua.

"Aksanti kwa baba juu ya ile paa," akasema. "Na ku nyumba yenu ya bageni muiweke vile. Mais paa iko inje, président. Miye niliomba ndani."

Président akakohoa, akasema kikao imeisha.

Bajengaji balikuwa vijana ba kilima. Bamama balikata nyasi, balileta mafungu ku kichwa, na ile harufu ya nyasi mbichi imelala ku jua, mutu wa kizazi yangu akiisikia anageuka kutafuta mama yake. Chini ya nyasi binti alificha manjanja, mabati, juu ya mvua na cheche za moto. Président alilalamika, kisha akasema kama haionekane, macho yake haijue. Nguzo ya katikati niliikumbatia mara nyingi wakati hakuna mutu. Mikono ilikutana bila shida. Sikufurahi vile nilizania nitafurahi.

Siku ya kufungua, mapadri na bapasta balishaomba, banafunzi balishaona picha za basokomutu, bageni balishakula na kuondoka. Ilibaki jua ya jioni mapema. Président akawasha moto mu mawe ya katikati, na siye bazee tukakaa ku ma banc, mugongo ku ukuta. Hakuna mwenye aliongea juu ya yaya. Tutaona ilikuwa bado inavaa tai yake.

Yaya alikuwa inje. Nilijua pale yuko bila kumuona: kushoto, chini ya ile nyasi mulefu. Mvua haikuwako. Alisimama tu pale, na magoti yake ya kuuma. Nilitaka kusimama, nikamuangalia président, nikabakia. Muzee moja akaanza hadisi ya mbuzi. Sikusikia hata neno.

Njo akakohoa.

Kohoo ile ile. Kidogo, ya kujulisha. Na mwili yangu ilisimama yenyewe, mbele sijawaza, kama vile ilifanyaka jioni zote mu utoto. Nikafika pale pa kupita, nikainama, nikanyoosha mikono yote mbili kupokea chakula.

Hakuwa na kitunga. Hakuwa na chungu. Mikono yake ilikuwa mitupu, alikuwa ameinyoosha kama yangu, na alikuwa ananiangalia.

Basi nikapokea mikono. Ilikuwa ngumu, ya jembe na kakao. Nikamuvuta pole pole chini ya nyasi, akainama, akaingia.

Hadisi ya mbuzi ilikatika. Président hakutuangalia. Aliangalia mawe. Kisha akasogea ku banc yake, kuume ukiingia, akapiga pahali palibaki na kiganja, kama mutu anapanguza vumbi.

Yaya akakaa. Akaangalia nguzo, akaangalia ukuta, akatuangalia mumoja mumoja.

"Iko kadogo hivi?"

"Binti alipunguza," président akasema.

Upepo ukarudisha moshi, ikamupiga usoni. Akafunga macho, machozi ikatoka, akapunga mukono.

"Munafanyaka ginsi gani na hii moshi?"

"Unainamisha kichwa, yaya. Unaangalia chini, ku moto."

Akainamisha. Akakaa vile kidogo, macho ku makala, kama siye yote.

"Ah," akasema. "Njo maana hamukuonaka paa."

Président alicheka wa kwanza. Alicheka mupaka kofia ikaanguka. Kisha muzee mwenye alikuwa na hadisi akaimaliza: ile mbuzi iliingia mu misa, ikakula maua ya altare, na padri akazania ni shetani. Hadisi ya zamani. Baba yangu aliisemaka, baba ya président aliisemaka. Yaya alisikiliza mupaka mwisho.

"Ni hii tu?" akaniuliza.

"Ni hii tu, yaya."

"Miaka yote."

Akatikisa kichwa. Akashika kijiti kimoja chenye kilitoka mu moto, akakisukuma ndani, pahali pake.

"Muendelee," akasema.